Karatasi Bapa na Kioo Kilichopinda



Swali ninalolileta mbele yenu katika toleo hili ni la zamani sana, nalo huwasumbua wazazi, walimu, waweka hazina wa vyama na mahakimu pia. Je, kanuni moja iliyonyooka yaweza kuwatosha watu ambao maisha yao hayakunyooka? Na kama haiwatoshi, tufanyeje? Tuikaze hivyo hivyo, tuikate, au tutafute njia nyingine?

Wengi wetu hujibu upesi. Aliye mkali husema, "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Aliye mpole husema, "Utu kwanza, sheria baadaye." Katika chuo cha ualimu nilisikia majibu yote mawili kila muhula, na mara nyingi yalitoka kinywani mwa mtu yule yule: alikuwa mkali kwa mtoto wa mwenzake na mpole kwa mtoto wake. Ndiyo maana naomba tusianze na watu. Tuanze na kazi moja ya mikono ambayo haina upendeleo, kisha tuone inatufundisha nini. Kazi hiyo ni ya kubandika tinti kwenye kioo cha nyuma cha gari.

Kwa nini kioo hiki ni kigumu

Magari mengi madogo yanayoletwa kwetu kutoka Japani yana kioo cha nyuma kilichopinda sana. Kinapinda kutoka kushoto kwenda kulia, na papo hapo kinapinda kutoka juu kwenda chini, kama kipande cha kibuyu. Mwenye gari akitaka kupunguza jua, hununua karatasi ya tinti. Twaiita karatasi, lakini kwa kweli ni plastiki nyembamba ya poliesta yenye gundi upande mmoja, na juu ya gundi umewekwa utando wa kuikinga mpaka saa ya kubandika. Hutoka kiwandani ikiwa bapa kabisa, imeviringwa kama jora la kitambaa dukani.

Mtu anayetaka kuona ugumu wa kazi hii na afanye jaribio ambalo mtoto wa shule ya msingi aweza kulifanya. Achukue mkebe wa maziwa na karatasi ya daftari. Karatasi itauzunguka mkebe bila kukunjamana hata kidogo. Kisha achukue chungwa na karatasi ile ile. Hapo atahangaika. Akibana huku, pale panainuka. Akilaza pale, huku panakunjamana. Sababu ni kwamba mkebe umepinda upande mmoja tu, lakini chungwa limepinda pande zote mbili kwa pamoja. Mtaalamu wa hesabu wa Ujerumani, Carl Friedrich Gauss, alilithibitisha jambo hili mwaka 1827: uso ulio bapa hauwezi kulazwa juu ya uso wa tufe bila kuvutwa, kubanwa, kukunjwa au kupasuliwa. Hakuna ufundi wa kulikwepa. Hata wachora ramani wamefungwa nalo. Katika ramani zinazofuata mtindo alioutumia Mercator mwaka 1569, Greenland yaonekana kubwa sawa na Afrika, ambapo kwa kweli Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi.

Tuliangalie jambo hili vizuri kabla ya kuendelea. Karatasi haina kosa kwa kuwa bapa, kwa sababu ndivyo ilivyo rahisi kuitengeneza, kuipima na kuiuza. Kioo nacho hakina kosa kwa kupinda. Taabu inaanza pale viwili hivyo vinapokutana. Basi mtu anapokuja mbele ya kikao na jambo lisiloingia katika kanuni, tusiwe wepesi kusema kwamba kanuni ni mbaya, wala kwamba mtu huyo ni mkorofi. Yawezekana hakuna aliye mbaya.

Njia tatu za fundi

Fundi aliye mbele ya kioo hicho ana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kulazimisha. Anaibandika karatasi na kuikaza kwa nguvu kwa kikwangulio cha mpira. Katikati itashika, lakini juu na chini itabaki mikunjo iliyosimama kama vidole. Anaweza kuiponda mikunjo ile ilale, lakini kesho itainuka tena, itaingiza vumbi, na mwenye gari hataona vizuri nyuma.

Njia ya pili ni kukata. Penye mkunjo anapitisha wembe na kulaza kingo moja juu ya nyingine. Kwa mbali kazi yaonekana safi, na mteja hulipa na kwenda zake. Lakini kila mkato ni mlango. Baada ya muda kingo zinainuka, maji na vumbi vinaingia. Tena, ndani ya kioo cha nyuma mara nyingi kuna nyuzi nyembamba za umeme za kuondolea ukungu, na wembe unaopita ovyo juu yake waweza kuzikata.

Njia ya tatu ni joto, nayo inataka maelezo marefu zaidi. Fundi hulowesha upande wa nje wa kioo kwa maji yenye sabuni kidogo na kulaza karatasi huko nje, utando wake wa kinga ukiwa bado haujabanduliwa. Huishikiza kwanza mahali panapokubali: mstari mmoja unaovuka katikati ya kioo, na mistari miwili pembeni, mfano wa herufi H. Ziada yote ya karatasi huikusanya juu na chini, nayo husimama kama vidole vya mkono. Kisha huchukua chombo kinachopuliza hewa ya moto, kinachofanana na kile cha kukaushia nywele saluni ila chenye moto zaidi, na kukipitisha juu ya kidole kimoja kimoja bila kukisimamisha mahali pamoja. Plastiki hunywea, mkunjo hushuka, naye huulaza kwa kikwangulio ungali na joto. Mkunjo ukiwa mkubwa mno huugawa kuwa midogo miwili au mitatu. Karatasi hizi hunywea zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo fundi lazima ajue upande huo kabla ya kukata kipande chake. Asipojua, atachoma bure.

Mikunjo yote ikiisha, karatasi imekwisha kupata umbo la kioo. Ndipo anapokata ukingo, anabandua utando, anaihamishia ndani na kuibandika, akisukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni. Baada ya hapo huachwa siku kadhaa ikauke. Joto likizidi, plastiki huungua na kujikunja isirudi tena, au kioo chenyewe hupasuka.

Kwa nini plastiki hii hunywea? Kiwandani ilivutwa ilipokuwa na joto, kisha ikapozwa ikiwa imevutika. Mvuto ule umebaki ndani yake. Hewa ya moto inapopita, inauachilia tu. Kwa maneno mengine, joto haliongezi kitu kigeni katika karatasi. Linaamsha uwezo uliokuwamo tangu ilipotengenezwa.

Rula ya risasi

Swali letu lilimshughulisha Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika kitabu cha tano cha maandiko yake ya maadili anayoyaita watu Maadili ya Nikomako, anaeleza kwamba sheria hunena kwa ujumla, lakini mambo ya watu hutokea moja moja, na mengine hayaingii katika maneno ya jumla. Hapo, asema, inafaa kuisahihisha sheria kwa kufuata yale ambayo mtunga sheria mwenyewe angeyasema kama angalikuwapo. Anatoa mfano wa wajenzi wa kisiwa cha Lesbos waliotumia rula ya madini ya risasi, ambayo hupinda na kulifuata umbo la jiwe.

Mfano huo ni mzuri, lakini mimi huona una hatari ndani yake. Rula inayopinda kwa kila jiwe inapima nini tena? Akija mwenye jiwe bovu, rula itamfuata yeye pia. Wale wanaoogopa huruma katika sheria huogopa jambo hili hasa, na hofu yao si ya bure. Karatasi ya tinti yatufaa zaidi. Inafuata umbo la kioo, lakini inabaki kipande kimoja, rangi ile ile, na kunywea kwake kuna mpaka.

Tuchukue mfano wa chama

Sasa tuje kwa watu. Tuseme kuna chama cha kuzikana mahali fulani. Kanuni yake imeandikwa wazi: mwanachama asiyetoa mchango kwa miezi mitatu mfululizo hana haki ya msaada. Mzee mmoja amelipa bila kukosa kwa miaka 11. Akaugua, akalazwa miezi minne, fedha zote za nyumbani zikaenda kwenye dawa. Akafariki. Mjane wake anakuja mbele ya kamati. Kwa maandishi, mume wake hakuwa na haki.

Kamati inayolazimisha itasema, "Pole mama, kanuni ni kanuni." Imetunza daftari, lakini mkunjo umebaki. Wanachama watarudi nyumbani wakijiuliza, "Kumbe nalipa miaka yote hii, nikiugua wananitupa?" Mwaka unaofuata michango itapungua, na hakuna atakayesema kwa nini.

Kamati inayokata itamwita mjane pembeni na kumpa bahasha, na mweka hazina ataandika katika daftari maneno mengine yasiyoeleweka. Machozi yamefutwa, lakini umefunguka mlango. Mjane wa pili, ambaye hana ndugu katika kamati, atakuja na shida ile ile naye hatapewa bahasha.

Kamati ya tatu itauliza swali ambalo hizo mbili hazikuuliza: kanuni hii iliwekwa kwa nini? Jibu si gumu. Iliwekwa ili mtu asikae nje ya chama siku zote, kisha akimbilie ndani anaposikia harufu ya kifo. Je, mtu aliyelipa miaka 11 ni mtu wa namna hiyo? La. Basi kusudi la kanuni halimpingi huyu mjane. Maneno yake tu ndiyo yanayompinga. Kamati yaweza kuamua kikaoni, mbele ya wote, kwamba michango minne iliyokosekana ikatwe katika msaada, na kwamba tangu leo mwanachama aliyelazwa na kutoa taarifa atahesabiwa kuwa hai katika chama. Uamuzi huo huandikwa katika daftari la kumbukumbu.

Tazameni kilichotendeka. Hakuna kilichotobolewa. Michango imelipwa yote. Wavivu bado wamezuiwa. Kanuni imelala juu ya maisha ya mtu huyu bila mkunjo, kwa nguvu ya kusudi lililokuwamo ndani yake tangu siku ilipotungwa.

Je, huo si upendeleo?

Najua atakayeuliza, "Mwalimu, leo ni huyu, kesho ni nani? Kila mtu atakuja na ugonjwa wake." Ni swali la haki, wala halijibiwi kwa kusema tu kwamba tuwe na huruma. Mimi hutofautisha haki na upendeleo kwa alama nne, na zote nazipata katika kazi ya yule fundi.

1. Kazi ya kulainisha hufanyika nje, mwangani. Fundi huipa karatasi umbo lake upande wa nje wa gari, apitapo kila mtu, ndipo huihamishia ndani. Kulegeza kanuni kunakohitaji giza ni kukata.

2. Joto huwekwa penye ziada tu. Pale karatasi ilipokubali kulala, haiguswi tena. Kadhalika, ugumu wa mtu mmoja usiwe sababu ya kuilegeza kanuni yote kwa watu wote.

3. Kioo chenye umbo lile lile hupata kazi ile ile, liwe gari la mkubwa au la mtu wa kawaida. Kama hatuko tayari kumtendea hivyo hivyo mtu tusiyempenda, basi kilichotusukuma hakikuwa haki.

4. Kuna kikomo. Karatasi nyingine, juu ya kioo kingine, haitanywea tena hata ufanyeje. Fundi mwaminifu humwambia mteja, "Hapa nitaweka vipande viwili, na mshono utauona." Mshono unaoonekana ni bora kuliko mkato uliofichwa. Hata watengenezaji wa magari walikubali mipaka yao. Volkswagen zile za umbo la kobe zilikuwa na kioo cha nyuma cha vipande viwili mpaka mwaka 1953, na mwenye gari hakudanganywa kwamba ni kimoja.

Sheria za tinti zenyewe

Kwa bahati njema, sheria zinazohusu tinti zatupa mfano wa mshono wa namna hiyo. Nchini Uingereza, gari lililoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1985 lazima kioo chake cha mbele kipitishe mwanga usiopungua asilimia 75, na vioo vya milango ya mbele asilimia 70. Kusudi ni kwamba dereva aone vizuri na aonekane vizuri. Ni kanuni bapa, na ni kanuni njema.

Lakini fikirini mtu mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina kinga ya kutosha dhidi ya jua, au mgonjwa ambaye daktari amemkataza miale ya jua. Je, apuuzwe kwa kuwa wapo wahalifu wanaopenda kujificha nyuma ya vioo vyeusi? Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu wa namna hiyo aweza kupata kibali kwa cheti cha daktari. Huo ni mshono: umeandikwa, una masharti, na askari anaweza kuusoma barabarani. Tena iko njia iliyo bora zaidi. Zipo karatasi zisizo na rangi ambazo huzuia karibu miale yote ya jua ile inayodhuru ngozi, lakini hupitisha mwanga wa kuonea. Mgonjwa amekingwa, na askari anamwona dereva. Mara nyingi tunapogombana kati ya sheria na huruma, ni kwa sababu hatujakaa muda wa kutosha kutafuta karatasi ya namna hii.

Mahali mfano unapokomea

Kila mfano una mwisho wake, na mwalimu asiyesema mfano wake unakomea wapi huwapotosha wanafunzi. Kioo hakiwezi kubadilika. Kioo cha nyuma hutiwa moto na kupozwa ghafla kiwandani ili kiwe imara, na ukijaribu kukinyosha kitasagika vipande vidogo vidogo. Kwa hiyo ni juu ya karatasi peke yake kufuata umbo. Mwanadamu si hivyo. Mwanadamu aweza kunyooka. Kama yule mzee angalikosa michango kwa sababu alikunywa fedha kilabuni, asingekuwa kioo kilichopinda kwa kuumbwa. Angekuwa mtu aliyepaswa kuonywa mapema, angali hai, na wenzake waliomwona akipotea na kunyamaza wangekuwa na sehemu yao katika deni lile.

Tena wako watu wenye yote mawili: ugonjwa nusu na uzembe nusu. Hapo sina kipimo cha kuwapa, wala sidhani kipo. Walimu wanafunzi waliniuliza mara nyingi jinsi andalio moja la somo liwezavyo kuwatosha watoto 45, nami niliwajibu kwamba halitawatosha, lakini wasiingie darasani bila andalio. Aingiaye bila andalio hupotea pamoja na darasa zima, na aingiaye akitazama andalio peke yake huwapoteza wale wa pembeni.

Basi, ndugu zangu, siku mtakapoketi kuamua neno la mtu, iwe nyumbani, shuleni au katika chama, naomba mjiulize maswali matatu kabla ya kupiga kura. Kanuni hii iliwekwa kwa kusudi gani? Je, tunaweza kulifanya hili mbele ya wote na kuliandika? Na je, tutalifanya tena kwa mtu ambaye hatumpendi? Majibu ya swali la kwanza na la pili hupatikana kikaoni siku ile ile. La tatu hujibiwa baadaye, siku mtu huyo anapobisha hodi.